Kisiwa kimejaa watoto, daktari wa ugumba wa nini?

Kijana mmoja daktari, mzaliwa wa Chake Chake, alipita barazani kwetu kuamkia. Anatafuta ufadhili akasomee ugumba: mirija, mayai, mbegu, na utafiti wa mambo hayo. Mzee mmoja akakiweka chini kikombe chake cha kahawa, akamtazama. "Mwanangu, Pemba nzima watoto wanagombania mkeka wa kulalia, wewe unakwenda kusomea wasiozaa?" Baraza zima likacheka. Na mimi nilicheka.

Swali lile si la kipuuzi, na mzee ana hesabu mkononi. Sensa ya 2012 ilitukuta Wazanzibari 1,303,569. Ya 2022 ikatukuta 1,889,773. Ardhi ni ile ile. Mkunga, chupa ya damu, gari ya kumkimbiza mzazi usiku kutoka Makangale, vyote vinatoka mfuko mmoja. Daktari bingwa husomeshwa miaka, na wapo wanaosomeshwa wasirudi. Halafu kuna huo upandikizaji wa mimba, IVF: yai na mbegu hukutanishwa maabara, kisha mimba ikarudishwa tumboni. Kliniki za binafsi za Dar hutoza mamilioni ya shilingi kwa jaribio moja, na hata kwenye vituo vya nchi tajiri majaribio mengi hayaleti mtoto, khasa mwanamke akishapita miaka 40. Anayesema serikali isianzie hapo hajasema neno baya. Atakuongezea pia kwamba sisi tuna njia yetu ya zamani: ndugu mwenye watoto sita humpa mmoja dada yake amlee, na nyumba ikachangamka.

Hoja ya dini, kwamba tiba hii itachanganya nasaba, husikika sana, lakini hiyo ilijibiwa kabla ya wengi wetu kuanza skuli. Tarehe 23 Machi 1980, Mufti wa Misri, Sheikh Jad al-Haqq Ali Jad al-Haqq, aliyekuja baadaye kuwa Sheikh wa Al-Azhar, alitoa fatwa: IVF inajuzu ikiwa yai ni la mke, mbegu ni za mume, tumbo ni la mke huyo huyo, na ndoa ipo. Mtu wa tatu hana nafasi. Majmaa ya Fiqhi, baraza la wanazuoni wa sheria wa nchi za Kiislamu, ilikaa Amman mwaka 1986 ikafuata njia hiyo. Mwaka huo huo Gamal Serour, profesa wa Al-Azhar, alikuwa miongoni mwa madaktari waliofungua kituo cha kwanza cha IVF nchini Misri, huko Maadi, Cairo. Serour alifanya kazi hiyo miaka mingi, akiandika juu ya maadili yake kama alivyoandika juu ya tiba, na kuanzia 2009 hadi 2012 akawa rais wa shirikisho la dunia la madaktari wa uzazi. Anayeogopa nasaba kuchanganyika ana haki ya kuogopa. Ila aulize pia ni nani atakayeandika majina juu ya vile visahani vya maabara: mgeni asiyejua eda ni kitu gani, au kijana aliyesoma Kurani chuoni kwa maalim mmoja na yeye?

Kuna tarakimu moja ambayo hainitoki. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Shirika la Afya Duniani lilichunguza maelfu ya wanandoa waliokwenda hospitali kwa kukosa mtoto, katika vituo 33 vya nchi 25. Matokeo yalitoka katika jarida la Lancet mwaka 1985. Kati ya wanawake wa Kiafrika, zaidi ya 85 katika kila 100 walikutwa na ugumba unaoweza kuwa umetokana na maambukizo. Kwa dunia nzima walikuwa kama 33.

Themanini na tano. Wengi wa wanawake wale, basi, hawakuumbwa hivyo. Kuna kitu kiliwapata. Kisonono kisichotibiwa. Homa ya uzazi iliyoachwa ipite yenyewe. Mimba iliyotoka ikasafishwa kwa vyombo vichafu. Vijidudu hupanda hadi kwenye mirija, mirija ikavimba, ikapona kwa kovu, na kovu likaziba njia. Klamidia, ugonjwa mwingine wa zinaa, ndiyo hatari zaidi kwa vile mara nyingi haiumi wala haioneshi dalili. Mwanamke huja kuijua miaka baadaye, amelazwa kwenye meza ya eksirei, anapigwa picha ya mirija, na ile dawa inayong'aa kwenye picha inaishia njiani. Wiki moja ya vidonge, vikimezwa mapema, mke na mume pamoja, ingetosha. Ndiyo maana Afrika tuna wengi waliozaa mara moja wakasimama hapo hapo. Uzazi wa kwanza ulipokewa vibaya, wa pili haukuja.

Sasa rudi kwa mzee wetu na mkunga wake. Mimi naona yeye na yule kijana wanamzungumzia mgonjwa mmoja. Fedha inayompa mkunga glavu safi leo inamwondolea daktari wa ugumba mgonjwa wa miaka mitano ijayo, na anayeweza kulionesha hilo kwa hesabu ni mtafiti wa ugumba. Mtu atasema tarakimu hizo ni za zaidi ya miaka arobaini nyuma, tena za waliofika hospitali tu. Kweli kabisa. Basi nani atatuhesabia za Wete na Mkoani za leo? Tumemcheka.

Hoja ya "watu tayari ni wengi" nayo si mpya, wala haikuanzia kwetu. Mwaka 1971 mtafiti Robert Edwards wa Cambridge na daktari Patrick Steptoe wa Oldham waliomba fedha za utafiti wa IVF kwa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Wakanyimwa. Moja ya sababu ni kuwa waliopitia ombi waliona shida ya wakati ule ni kupunguza uzazi, si kuutafuta. Wakaendelea kwa fedha za kuungaunga, wao wawili na Jean Purdy, muuguzi aliyeshika maabara na ambaye jina lake liliachwa nyuma miaka mingi. Wanawake 282 walijitolea katika miaka ile ya majaribio, wakazaliwa watoto wawili tu wazima. Wa kwanza, Louise Brown, alizaliwa tarehe 25 Julai 1978. Na mama yake alikuwa na shida gani? Mirija imeziba. Tiba hii ilibuniwa kwa ugonjwa ule ule uliojaa kwetu, na sisi ndio tunaoambiwa ni anasa. Edwards alipata Nobel mwaka 2010, Steptoe na Purdy wakiwa wameshafariki.

Bei nayo inasogea, na wanaoisogeza ni watafiti. Willem Ombelet wa Genk, Ubelgiji, pamoja na Jonathan Van Blerkom wa Marekani, waliiacha ile mashine ya gharama ya kukuzia yai lililorutubishwa wakatumia vichupa viwili vya kioo. Katika kimoja huchanganywa asidi ya limau na magadi ya kuumulia mikate. Povu linatoa hewa ya kaboni, hewa inapita kwenye mrija mwembamba na kuingia cha pili, ambamo yai na mbegu hukaa na kukua. Watoto wa kwanza wa njia hii waliripotiwa mwaka 2014. Jikoni kwangu vitu vyote viwili vipo. Sisemi tuanze kesho, maana maabara haiendeshwi kwa magadi peke yake. Nasema anayejibu "ni ghali" ataje ni ghali ya mwaka gani.

Shangazi yangu ana binti, ameolewa Wete. Mwaka jana binti huyo alinipa bahasha ya kaki iliyofungwa kwa mpira nimsomee, maana vyeti vyote vimeandikwa Kiingereza. Mlikuwa na utrasaundi nne, homoni mara mbili, stakabadhi za kusafishwa kizazi, na kikaratasi cha mganga wa dawa za chango. Miaka sita ya safari za boti imo mle. Kila hospitali ilianza upya, kama zilizotangulia hazikuwapo. Mtaani kwake kila mwanamke ni Mama Fulani. Yeye bado anaitwa kwa jina alilopewa utotoni. Nilipekua mara mbili nikitafuta cheti cha mumewe. Hakuna. "Yeye mzima," akaniambia, "ana mtoto kwa mke wa mwanzo." Mtoto huyo ana miaka 14. Katika karibu nusu ya wanandoa wasiopata mtoto, shida iko kwa mume, peke yake au pamoja na mkewe, na mtoto wa miaka 14 nyuma hasemi chochote juu ya mbegu za leo. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba mtu mmoja katika kila sita hukutana na ugumba maishani, na kwamba nchi maskini na tajiri hazipishani sana. Kwa hiyo bahasha kama ile ziko nyingi, chini ya magodoro.

Jioni ile, watu walipoanza kuondoka, nilimsindikiza yule kijana hadi kituo cha daladala. Nikamuuliza akirudi ataanza na nini. Nilidhani atanitajia maabara. Akasema atataka darubini, vikombe vya plastiki vyenye vifuniko, na chumba kidogo ambacho mlango wake unafungika kwa ndani, kwa ajili ya wanaume. Darubini zipo, akasema. Chumba ndicho amekuwa akikiomba tangu alipoanza kazi.