Mtaji kwanza au ujuzi kwanza? Mtu mzima hana muda wa kusubiri vyote

Tangu mikopo ya halmashauri irudi hapa Tanzania mwaka 2024, huku mtaani watu wamegawanyika, kuna wanaosema wapeni watu hela biashara wataijulia hukohuko, na kuna wanaosema hela bila ujuzi ni kumtwisha mtu deni tu. Nimewasikiliza wote, kila upande una hoja, ila naona wote wanamsahau mhusika mwenyewe, yaani mama wa miaka 38 mwenye watoto watatu ambaye akikaa siku mbili bila kuuza nyumbani hakupikwi.

Tuanze na hela. Sheria ilirekebishwa 2018, kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mimi hili jambo nalitetea kabisa, maana usipolipata hilo unaangukia kwenye kausha damu, yaani mikopo ya mtaani ya riba kubwa, unachukua laki leo, kesho asubuhi mtu kashafika mlangoni anataka rejesho, ukichelewa wanabeba tivii na godoro. Lakini Aprili 2023 serikali iliisimamisha hiyo mikopo baada ya ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuonyesha vikundi hewa na mabilioni yasiyorudi. Wengi wakasema ni wizi tu, na wizi ulikuwepo kweli, ila kuna kingine ambacho huku chini tunakiona: watu watano ambao hawajawahi kufanya kazi pamoja wanaungana kwa sababu fomu inataka kikundi, hela ikitoka wanagawana kila mtu na chake, mmoja anatia kwenye genge, mwingine analipa ada, mwingine ana mgonjwa hospitali, marejesho yakifika wanaanza kutafutana. Hao sio wezi jamani, ni watu waliolazimishwa kuwa kampuni kwa wiki mbili.

Sasa wa upande wa ujuzi wanasema si ndio hapo, wafundisheni kwanza. Sawa, ila wafundishwe nini? Mara nyingi ni semina ya siku tatu ya sabuni ya maji. Wanajifunza wanawake arobaini wa mtaa mmoja, wote wanatoka na ujuzi uleule, wote wanajaza chupa zilezile, soko ni majirani walewale ambao nao walikuwa kwenye semina. Nani anunue? VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, iko tangu 1994 na kozi zake ni nzuri, waajiri wanakatwa ile tozo ya ujuzi kwenye mishahara wanayolipa, ila ukimwambia huyu mama aje darasani kutwa nzima kwa miezi mitatu umemwambia afunge biashara. Akimaliza kushona bila kuwa na cherehani anarudi palepale, cheti kiko kabatini.

Kwa maoni yangu watu wazima wengi ujuzi wanao tayari, na hapa ndipo tunapoacha hela mezani. Fundi aliyejenga nyumba za watu miaka 15, hajakanyaga chuo, kampuni ikija na mradi inataka cheti, basi analipwa kama saidia fundi huku akimwelekeza kijana mwenye cheti namna ya kusimamisha kona. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi, mtu anapimwa kwa anachokijua, anaongezewa kilichopungua, anapewa cheti, haachi kazi miaka. Hilo ningelitangaza kila ofisi ya mtendaji kabla ya semina yoyote ya sabuni.

Ila nisidanganye, cheti kinamsaidia anayeulizwa cheti. Mama ntilie hakuna mteja atakayemuuliza, yeye anachohitaji ni kujua sahani moja ya wali inamrudishia shilingi ngapi ukitoa mkaa na mafuta, na hela ya biashara isikae mkoba mmoja na hela ya kula. Hivyo vitu wengi wamejifunzia kwenye VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa vya mtaani, wananunua hisa kila wiki, wanakopeshana chao wenyewe, anayesumbua wanamjua. Kikundi kilichoweka akiba pamoja mwaka mzima hicho ndio kikundi, na halmashauri ingeanza na hao, tena ikibidi iwape jiko au cherehani badala ya hela mkononi, marejesho yaanze kazi ikishachangamka.

Na yule fundi wetu wa miaka 50? Kwenye 4-4-2 sio mwanamke, sio kijana, hana ulemavu. Hayupo kabisa kwenye hesabu, na ndiye anayelisha nyumba.