Kichwa changu na jero

Jamani mi naomba kuuliza, hivi kichwa cha mtu mzima wa Buza kinauzwa bei gani? Juzi nimefika kijiweni nawahi Kariakoo, dogo wa boda ananiambia mzee buku tatu, ukitaka elementi ongeza jero. Jero! Na elementi yenyewe inanuka jasho la Temeke nzima, kamba imefungiwa waya. Nikamwambia hiki kichwa kina miaka 46 hakijawahi kuvaa kitu zaidi ya barakashea, twende.

Kosa langu nikaenda kuhadithia nyumbani. Mama Zuhura akachukua simu yangu mezani akaigeuzageuza. "Hii ina kava ya elfu nane na protekta ya elfu tano, kichwa kina nini? Nywele, na zenyewe zinahama."

Sasa alikuwepo mpwa wangu anayesoma uchumi Mlimani, yule mtoto tangu aanze chuo hawezi kula wali bila kukutega swali. Mjomba, tuseme umewekewa bastola kichwani, ile ya matundu sita, ina risasi moja na imezungushwa hujui iko wapi, utatoa shilingi ngapi itolewe? Nikasema nauza kiwanja cha Chanika na kitanda juu. Haya, zingekuwa nne, utatoa ngapi zibaki tatu? Aaah, hapo si nishakufa tu, labda elfu hamsini ya kujaribu bahati.

Akapiga makofi kama kaona goli la dabi. Kumbe mtego! Eti kote kule napunguziwa kitu kilekile, risasi moja kwenye matundu sita, na kwa hesabu zao kwenye zile nne ndo ningetoa zaidi maana maiti hana matumizi ya hela. Eti wanasaikolojia kina Kahneman na Tversky washaandika tangu 1979 kwamba binadamu ndo tulivyo, tukisikia hatari inaisha kabisa tunamwaga hela, ila ikipungua tu kutoka kubwa kwenda kubwa kidogo hatuoni kitu.

Nikamuuliza, maiti hana matumizi? Sanda inagawiwa bure? Na pilau la arobaini wanakula nani kama sio nyie wapwa?

Mama Zuhura akadakia, na ule mkeka wa kila Jumamosi je, timu kumi na tano kwa buku? Mpwa akachangamka, eeh mjomba ni yaleyale, kutoka hakuna mpaka kiduchu we unaona mlima. Nikakumbuka nina swala.

Leo asubuhi nimefika kijiweni dogo kanivalisha elementi bure, kasikia trafiki wako Tandika. Kabla hatujaondoka mwenzake kapata abiria na elementi hana, dogo ananigeukia, mzee tumwazime hiyo yako, tutapita uchochoroni, nakupunguzia jero. Nikawaka! Yani unanunua kichwa changu kwa jero? Lete elfu kumi ndo nivue!

"Sasa mzee, juzi si jero hiyohiyo uliigomea?"

Kijiwe kizima kikacheka mpaka mama wa vitumbua. Nikashuka kwa hasira nikadandia daladala la Kariakoo, limejaa hatari, nikaning'inia mlangoni mguu mmoja hewani, mkono mmoja umeshika bomba, wa pili nimeubana mfukoni simu isije ikadondoka.