Mashine ya bei chee ya kupima chembe nano: kukutia hatiani inaweza, kukusafisha haiwezi

Ulaya kule sheria imekaa hivi: 2011 Tume ya Umoja wa Ulaya ilipendekeza, na 2022 ikarekebisha, kwamba malighafi ambayo nusu au zaidi ya chembe zake, kwa idadi, zina ukubwa wa nanomita 1 mpaka 100 basi hiyo ni nano. Nanomita ni milimita ukiigawa mara milioni. Na ukishaitwa nano mambo yanabadilika, krimu ya kujipaka lazima iandikwe neno nano kwenye orodha ya viambato, na Ufaransa tangu 2013 anayetengeneza au kuingiza hata gramu 100 tu kwa mwaka anatakiwa atoe taarifa serikalini. Gramu 100 yaani hata robo kilo haijafika.

Sasa ukubwa utaujuaje? Njia inayoaminika zaidi ni hadubini ya elektroni, unaziona chembe zenyewe unazihesabu, ila dude hilo linakula mamia ya maelfu ya dola na linataka chumba chake na mtaalam wake. Kiwanda kidogo cha rangi chenye watu 15 hakiliwezi, kwa hiyo wanapeleka sampo maabara ya nje wanasubiri majibu huku mzigo umeshachanganywa na mteja anapiga simu. Ndo maana kuna watu wanasema tutengeneze mashine za bei nafuu za kupima ukubwa wa chembe, na wana hoja ya kweli kabisa.

Na mashine yenyewe kimsingi si ya ajabu. Umeshaona vumbi linavyochezacheza kwenye mwale wa jua uliopenya tundu la bati? Weka leza badala ya jua na maji badala ya hewa. Chembe ndogo inatetemeka haraka, kubwa pole pole, Einstein alishaionyesha hesabu yake 1905, kwa hiyo mwanga unavyometameta unakwambia ukubwa. Leza ndogo siku hizi ni bei ya kutupa, na hesabu zilizokuwa zinahitaji kifaa chake maalum sasa kompyuta ya kawaida inazimaliza. Kiwandani hii inasaidia sana, maana mara nyingi hutafuti ukweli wa mwisho, unatafuta badiliko: jana imesoma nanomita 80, leo 140, mapishi ni yale yale, basi kuna kitu kimeharibika usimwage kwenye ndoo.

Ila upande wa pili nao si wa kupuuzwa. Chembe ya nanomita 100 inatawanya mwanga kama mara milioni moja kuliko ya nanomita 10, milioni bana, kwa hiyo zile kubwa chache zinazifunika ndogo zote. Ni kama uambiwe uhesabu abiria wa daladala umefumba macho kwa kusikiliza kelele, konda utamhesabu, wale thelathini waliosinzia hutajua kama wapo. Halafu chembe zinapenda kugandana, mashine ikiona bonge inasema 300, wakati sheria inataka uhesabu kila chembe iliyomo ndani ya bonge. Mwenye kiwanda anashika karatasi yake ya majibu anasema unaona, sisi si nano. Hapa ndo mimi naogopa. Mashine zote zinakosea, hii inakosea upande ambao mwenye kiwanda anaupenda.

Ukiligeuza lakini unapata kitu cha maana. Kama mashine inayopendelea chembe kubwa bado inakwambia zipo chini ya 100, basi hapo hakuna mjadala, ni nano. Ikisema juu ya 100 haijathibitisha chochote, peleka kwenye hadubini. Kwa hiyo inakuwa chujio, na sampo za kulipia maabara zinapungua.

Kuna wanaosema tumia kamera, ile ya kufuatilia chembe moja moja kwenye video, na kweli inahesabu kwa idadi kama sheria inavyotaka, ila chembe za plastiki zikiwa ndogo sana kamera haizioni tena, na bonge bado italihesabu moja.

Kinachonikera mimi ni pale wanapobana hela. Mnato wa maji, yaani uzito wake wa kutiririka, ndo unaamua chembe itetemeke haraka kiasi gani, na unabadilika kama asilimia 2 kwa kila nyuzi moja ya joto, ukiweka kipimajoto cha ovyo kinachodanganya nyuzi 4 tayari ukubwa wako umepotoka karibu asilimia 10 na leza haina kosa. Na vumbi moja tu ndani ya kichupa linaharibu usomaji wote, hilo hata ukinunua mashine ya bei mbaya liko pale pale. Kile kiwanda cha watu 15 kikiniuliza ningekiambia nunueni, ila kabla ya mashine mlipieni kijana mmoja afundishwe kuandaa sampo, na ile karatasi inayosema 300 msiipeleke kwa mkaguzi.