Banaba: kisiwa kilichomalizwa na waliotumwa kukilinda

Banaba ni kisiwa kidogo sana, kama kilomita za mraba 6 tu, kiko peke yake katikati ya Pasifiki karibu na ikweta, kama kilomita 300 mashariki ya Nauru, na siku hizi ni sehemu ya nchi ya Kiribati. Waingereza walikiita Ocean Island. Wengi wanaosimulia habari zake wanailaumu kampuni ya madini, na kweli kampuni ina lake, lakini mimi nasema mzigo mkubwa ni wa serikali ya koloni, maana kampuni ilikuja kutafuta faida na haikuficha, ila wale maafisa walikuja kwa kazi ya kuwaangalia wenyeji.

Mambo yalianza mwezi wa tano 1900. Albert Ellis, mtu wa kampuni, alishuka pale akakuta kisiwa karibu chote ni fosfeti, yaani mbolea tupu, na akawasainisha watu karatasi inayotoa haki ya kuchimba kwa miaka 999 kwa pauni 50 kwa mwaka, au bidhaa za thamani hiyo. Wakenya wanaijua vizuri hiyo namba 999, sheria ya ardhi ya 1915 iliwapa walowezi mashamba kwa miaka hiyohiyo. Mmoja wa waliosaini, Temate, aliandikwa kwamba ni mfalme wa kisiwa, wakati Banaba haikuwa na mfalme, kila kipande kilikuwa na mwenyewe, mwanamume au mwanamke, na hakuna aliyekuwa na uwezo wa kugawa shamba la jirani yake.

Mwaka uliofuata Uingereza ikakichukua kisiwa, halafu 1908 ikahamishia pale makao makuu ya utawala wa visiwa vyote vya Gilbert na Ellice, yaani Kiribati na Tuvalu za leo, na hapa ndipo naona kila kitu kiliharibika, kwa sababu ofisi ya serikali sasa imekaa juu ya mgodi na pesa ya kuiendesha inatoka mgodini. Mwananchi akienda kulalamika kuhusu shamba lake anamlalamikia mtu ambaye mshahara wake unategemea hilo shamba lichimbwe. Mwaka 1920 ikawa wazi zaidi, Uingereza, Australia na New Zealand zikainunua kampuni zikaunda shirika lao la fosfeti, kwa hiyo anayetawala ndiye anayechimba, na anayechimba ndiye anayenunua. Mbolea ikawa inauzwa kwa wakulima wa Australia na New Zealand kwa bei ya gharama, chini ya bei ya soko, na hiyo tofauti ilitoka kwenye ardhi ya Wabanaba. Wao ndio waliowapunguzia gharama wakulima wa nchi tajiri kwa miaka na miaka, na hakuna aliyewauliza.

Mwaka 1928 watu wa kijiji cha Buakonikai walikataa kutoa mashamba zaidi. Kamishna wa koloni wakati huo alikuwa Arthur Grimble, ambaye baadaye alipendwa sana Uingereza kwa hadithi zake za visiwani, na mtu huyu alijua lugha yao na mila zao vizuri kuliko afisa yeyote, ndiyo maana inauma. Aliwaandikia barua akawaambia wakisaini watasamehewa, wasiposaini ardhi itachukuliwa kwa nguvu kwa bei watakayopangiwa, akataja mpaka uwezekano wa kijiji chenyewe kuharibiwa. Bado hawakusaini. Serikali ikatunga sheria ikawanyang'anya, na 1931 uchimbaji ukaingia kwenye mashamba hayo.

Na mashamba hayo hayakuwa udongo tu. Banaba haina mto wala ziwa, na ukame ukija unaweza kukaa miaka. Maji ya akiba yalikuwa chini ya ardhi, kwenye mapango wanayoyaita bangabanga, na walioingia humo ni wanawake peke yao, wanatambaa gizani na vifuu vya nazi mpaka kwenye vidimbwi, wanachota, wanarudi juu. Uchimbaji ukayavuruga mapango hayo, na juu umeacha nguzo za mawe ya matumbawe zimesimama wima, huwezi kulima wala kujenga.

Vita vilipokuja Wajapani walikikalia kisiwa, wakawatawanya watu, wengine wakafa njaa, wengine wakauawa. Baada ya vita Waingereza hawakuwarudisha kwao, wakawapeleka Rabi, kisiwa cha Fiji, wakafika tarehe 15 Desemba 1945 msimu wa vimbunga na kuwekwa kwenye mahema. Pesa iliyonunua Rabi ilitoka kwenye mfuko wa Wabanaba wenyewe! Huku kwao mashine zikaendelea kuchimba.

Wabanaba waliishtaki serikali ya Uingereza mahakamani London miaka ya 70, kesi ikachukua zaidi ya siku 200, jaji Robert Megarry akasafiri mpaka Banaba akajionea kwa macho. Hukumu ikasema serikali ilikuwa na wajibu wa kiutawala ila siyo wajibu ambao mahakama inaweza kuulazimisha. Kwenye madai kwamba ardhi iliyochimbwa ilipaswa kupandwa miti upya wakaonekana wana haki, lakini fidia ikawa ndogo mno. Baadaye zikatolewa dola milioni 10 za Australia kama msaada wa hiari, siyo kama kitu wanachodai kwa haki. Mimi hukumu hiyo siikubali hata kidogo, kwa sababu kama mtawala anaweza kutunga sheria ya kuchukua ardhi yako na mahakama yake ikaitambua, basi mahakama hiyohiyo iweze pia kumbana alipe.

Uchimbaji ulikwisha 1979, mwaka ambao Kiribati ilipata uhuru, na zaidi ya tani milioni 20 zilikuwa zimeshaondoka. Wabanaba waliomba wajitenge wakakataliwa, wakaachiwa kiti bungeni. Wengi wako Rabi mpaka leo, kisiwani wamebaki kama 300, na miaka michache iliyopita mashine ya kuondoa chumvi kwenye maji iliharibika wakahangaika na maji ya kunywa kwa miezi. Mashine moja! Nchi tatu zilizokula fosfeti yote ile zingeweza kuweka kumi na mafundi wa kukaa hapohapo, na hiyo wala siyo fidia, fidia ya ardhi bado wanaidai.