Bei ya gemu naipimia kibandani

Juzi mdogo wangu wa Uyole alinipigia, anaomba nimchangie gemu mpya ya mpira. "Kaka, hii utacheza saa mia na haiishi," akaniambia. Hesabu hiyo nimeisikia kwa wengi: chukua bei, gawanya kwa saa utakazocheza, ikitoka ndogo basi gemu ina thamani. Siikubali. Gemu inaweza kukuzungusha saa 60 unaokota vitu kwenye mapori matupu, ukizima hukumbuki hata kimoja.

Na hela yenyewe si ndogo. Tangu mashine ya gemu ya PS5 itoke mwaka 2020, gemu kubwa nyingi zinaanza na dola 70; mwaka 2025 kampuni ya Nintendo wakaitoa gemu yao ya mbio za magari, Mario Kart World, kwa dola 80. Dola 70 ni zaidi ya laki na nusu, na kwa nyumba inayolima viazi, hiyo ni hela ya mbolea. Bando hujaligusa bado, na gemu za vita za Call of Duty za siku hizi zinapita gigabaiti 100 kuzipakua.

Kipimo changu, kama watu wanarudi kuiomba, nilikipata kwenye kibanda cha gemu Mafiati, enzi za PS2. Juni, baridi ya Mbeya inapenya koti, tumebanana watu saba kwenye benchi moja. Pedi za kuchezea mbili. Moja kitufe chake cha kushoto kimelika mpaka kidole gumba kinateleza, tumekizungushia kipande cha mpira wa baiskeli. Unalipa kwa mechi. Diski ambayo hakuna aliyeiomba kwa wiki mbili, mwenye kibanda aliiondoa. Ile ya mpira ilibaki. Wachezaji wake walishahama timu, lakini foleni haikupungua. PS2 iliendelea kutolewa gemu ya mpira ya FIFA mpaka FIFA 14, ya mwaka 2013, na pale kibandani hakuna aliyelalamikia picha.

Ndiyo maana nilimwambia asubiri. Gemu ya mpira inayotoka kila mwaka hushuka bei msimu ukiwa bado unaendelea. Minecraft, ile gemu ya kujenga, ningemnunulia leo leo: ilitoka 2011, na aliyeilipia mara moja bado anaongezewa vitu vipya bure.

Tena anunue diski. Ya kupakua inabaki kwenye akaunti yako. Humwazimi jirani, wala huiuzi sokoni Mwanjelwa ada ya shule ikikubana.

Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, wanarudisha hela ukiomba ndani ya siku 14 tangu ununue, kama hujazidisha saa 2 za kucheza. Sisi tuna kibanda. Tumekubaliana Jumamosi aende akacheze mechi tatu za toleo jipya na tatu za toleo la mwaka jana, halafu anipigie. Akiniambia vidole vyake vimeona tofauti, hela namtumia jioni hiyo hiyo.