BL na wanawake wanaoichora

Ukitaja BL tu (Boys' Love), yani zile manga, vitabu vya katuni vya Japani, za mapenzi ya wanaume kwa wanaume, watu wanakwambia uchafu, basi, mjadala umeisha. Hawajiulizi mbona wachoraji wake wengi ni wanawake na wasomaji pia ni wanawake.

Miaka ya 70 manga nyingi za wasichana zilikuwa zilezile, binti anapenda, analia, anasubiri achaguliwe. Wachoraji wa kike kina Takemiya Keiko na Hagio Moto wakaleta wavulana wa shule za bweni za Ulaya, na hapo hakuna wa kuolewa wala wa kubeba mimba, msomaji wa kike anayaangalia mapenzi, hata yale yenye ukatili, bila mwili wa mwanamke kuwa ndo unaoumizwa kila mara. Hadithi ya Takemiya ya aina hiyo ilikataliwa na wahariri miaka kadhaa mpaka ikaanza kutoka 1976. Mtu hahangaiki hivyo kwa ajili ya uchafu tu.

Upande wa pili nao wana hoja nzito. 1992 Satō Masaki, mwanaharakati shoga, aliwafananisha wasomaji hawa na wazee wanaokodolea macho picha za wanawake. Na kweli, ukurasa wa BL mara nyingi uko hivi, mmoja mrefu mabega mapana, mwingine mfupi macho makubwa machozi yanamlenga, yule mrefu anasema mimi sio shoga, nakupenda wewe tu. Shoga halisi akisoma hiyo si itamuuma? Itamuuma, na hapo nakubaliana na Satō kabisa.

Ila kuna kitu hakinitoki kichwani. 2008 maktaba za Sakai, kule Osaka, zilipokea malalamiko zikaondoa vitabu vya BL kwenye rafu zikavipeleka stoo, na vilikuwa zaidi ya 5,000. Elfu tano! Vitabu hivyo maktaba ilivinunua yenyewe na watu walikuwa wanaviazima, alafu ghafla walio chini ya miaka 18 wakaambiwa marufuku, mpaka watu walipopinga ndo uamuzi ukalegezwa. Satō alikuwa anataka wanaume mashoga wachorwe kama watu, Sakai walikuwa wanataka visionekane. Hayo ni malalamiko mawili tofauti kabisa na watu kila siku wanayachanganya, wanachukua maumivu ya Satō wanayatumia kuwanyamazisha wanawake, wakati siku hizi kuna wachoraji kibao wa BL wanaoandika wahusika wanaojiita mashoga waziwazi, wanaogopa kumwambia mama, wanatafuta nyumba ya kupanga wawili.