Bukari au kroketi? Sahani ya mbwa wa lupango

Jirani yangu hapa Lubumbashi ana mbwa wawili wa kulinda lupango, yaani kiwanja cha nyumba, na mfuko wa kilo 20 wa kroketi, chakula kikavu cha mbwa cha kiwandani. Mimi nina mbwa mmoja na sufuria. Jioni moja alinikuta nikikwangua ukoko wa bukari (ugali) na kuumwagia mchuzi wa matamba (majani ya muhogo), akatikisa kichwa: “Papa, mbwa ni mnyama wa nyama. Bukari ya nini?”

Nusu ya maneno yake ni kosa, nusu ni kweli.

Kosa ni hilo la nyama tu. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, walilinganisha jeni za mbwa na za mbwamwitu. Mbwamwitu walikuwa na nakala mbili za jeni inayotengeneza amilesi ya kongosho, kile kimeng’enya kinachovunja wanga. Mbwa walikuwa na kuanzia 4 hadi 30. Mbwa wetu wamezoea wanga tangu zamani, na bukari iliyoiva haiwashindi. Hata kroketi zenyewe, ukigeuza mfuko na kusoma, mara nyingi utakuta mahindi au mchele mstari wa kwanza.

Ukweli wake uko kwenye protini. Viwango vinavyotumika Marekani vinataka chakula cha mbwa mzima, kikihesabiwa bila maji yake, kiwe na protini isiyopungua asilimia 18, na cha mtoto wa mbwa 22.5. Unga wa mahindi una kama 8. Mbwa wa bukari tupu hafi, anafifia: manyoya yanakosa mng’ao, misuli inapungua, ngozi inatoa magamba, maana mahindi yanazuia pia zinki isifyonzwe vizuri.

Hapo ndipo ndakala, yaani dagaa, inaingia. Mbwa wa kilo 20 asiye na kazi nyingi anahitaji kama kalori 1,000 kwa siku. Pika gramu 200 za unga, ongeza gramu 70 za ndakala kavu, ambayo ina protini kama asilimia 60. Kalori zinakaribia kutosha, protini inapita asilimia 20, na kwa kuwa samaki hao wanaliwa wazima, mifupa yao myororo inaleta kalisi (kalsiamu). Kama ni za chumvi, ziloweke kwanza. Yai mara mbili kwa juma, kipande cha ini mara moja. Haitakuwa kamili kama hesabu ya kiwandani, lakini si mabaki tena.

Nilichokosea mimi kilikuwa mchuzi, jambo ambalo jirani hakuligusa kabisa. Matamba yetu hupikwa na vitunguu, na kitunguu, hata kilichoiva, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Sasa namtengea chake kabla kitunguu hakijaingia. Mifupa ya michopo, nyama ya kuchoma, nayo imekatazwa kwangu: mfupa uliopita motoni huvunjika kwa ncha kali. Na unga uliovunda, ule ambao mama wa nyumba anasema “mpe mbwa”, ndio mbaya kuliko vyote. Sumu ya kuvu, inayoharibu ini, haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2004 mahindi ya namna hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Ini la mbwa si gumu kuliko letu.

Je, mfuko una usalama zaidi? Una faida kubwa: vitamini na madini yamepimwa, na mbwa huyo wa kilo 20 anakula chini ya gramu 300 kwa siku, hivyo mfuko unamfikisha zaidi ya miezi miwili. Tafuta maneno ya Kifaransa “aliment complet”, yaani chakula kamili. Palipoandikwa “complémentaire” hicho ni cha kuongezea tu. Lakini kiwanda nacho hukosea. Mwaka 2007 Marekani iliondoa madukani vyakula vingi vya mbwa na paka baada ya melamini kukutwa kwenye gluteni ya ngano iliyotoka China. Na hapa kwetu kuna wanaofungua mfuko na kupimia wateja kwa kopo. Msimu wa mvua, mfuko ulio wazi unanyonya unyevu, mafuta yanaharibika, na tarehe ya mwisho imebaki kwenye karatasi asiyoiona mnunuzi. Kroketi za namna hiyo sizitofautishi sana na unga uliovunda, isipokuwa kwa bei.

Kwa mbwa mzima, basi, nabaki na sufuria yangu iliyorekebishwa. Kwa mtoto wa mbwa wa kimo kikubwa, kama mbwa mchungaji wa Ujerumani (German Shepherd), namuunga mkono jirani bila kusita. Nyama tupu inamnyima kalisi, miguu inapinda. Unga wa mifupa uliotiwa kwa kukisia unazidisha kalisi hiyo, na mifupa inaharibika vilevile. Huyo anunuliwe mfuko wa watoto, uliofungwa, hadi amalize kukua.

Jirani naye ameanza kuchukua ndakala kwangu. Anasema mbwa wake wamezichoka kroketi tupu.